Msimkatie binti nusu ya masomo yake kwa kuogopa kazi



Leo nna maneno makali kidogo, mnivumilie. Kuna jambo linasemwa sasa majumbani kwetu, hasa posa ikishaingia: binti asome, naam, hata chuo kikuu asome, hata ng'ambo aende, lakini asisome masomo yanayomtoa kwenda kufanya kazi kwa watu kabla hajamaliza. Nimelisikia mara nyingi dukani kwangu. Mtu akinyoosha mikono apimwe mabega husema yote yaliyomo moyoni. Mimi nasema jambo hilo linawaumiza mabinti zetu, na wengi wanaolisema hawajui wanachokikataa.

Kilichonifanya niandike ni kisa cha mteja wangu mmoja, bibi harusi mtarajiwa. Simtaji jina wala mtaa, na yeye mwenyewe kaniruhusu. Kidato cha Sita katoka na hesabu na fizikia nzuri, na kuchora ndiyo usiseme, mashaallah. Mjomba wake anaishi Ontario, Canada, na amekubali kushirikiana na baba kumsomesha. Binti akaomba ubunifu wa majengo Chuo Kikuu cha Waterloo, akapata. Nyumbani furaha. Ukweni furaha. Wazee wakasema kuchora ramani za nyumba ni kazi ya mezani, ya heshima, haina tabu kwa mwanamke.

Halafu mtu mmoja akazisoma zile karatasi mpaka mwisho. Akakuta pale mwanafunzi anasoma muhula wa miezi minne, anatoka kwenda kuajiriwa miezi minne, anarudi darasani, anatoka tena, hivyo hivyo kwa karibu miaka mitano. Basi nyumba ikawaka moto. Ukweni wakasema hawakuposa mfanyakazi wa saiti. Shangazi mtu akasema atafutiwe chuo chengine ambacho mtu anakaa darasani tu, anapewa cheti chake, anarudi. Na posa ikawekewa sharti hilo.

Mama zangu, mnisamehe, lakini tuelezane kwanza hicho kinachokataliwa ni kitu gani.

Masomo ya namna hii yana zaidi ya miaka mia. Yalianza Marekani mwaka 1906, Chuo Kikuu cha Cincinnati, na mwalimu aliyeyaanzisha aliitwa Herman Schneider. Aliona vijana wa uhandisi wanamaliza vitabu bila kujua karakana inanukaje. Akachukua wanafunzi 27 akawagawa: hawa wako darasani, wale wako kiwandani wanafanya kazi kwa mshahara, kisha wanabadilishana. Watu walimcheka. Leo Cincinnati wanafunzi wa ubunifu wa majengo bado wanasoma kwa mtindo huo, na Waterloo, kilichoanzishwa 1957, kilijengwa juu ya mtindo huo tangu siku yake ya kwanza.

Na mwanafunzi hatupwi barabarani ajitafutie. Chuo kinakusanya nafasi za kazi, mwanafunzi anapeleka kazi zake alizochora, anafanyiwa usaili, anachaguliwa. Anakaa kwenye ofisi ya wabunifu miezi minne. Mwajiri anamlipa na mwisho anaandika tathmini yake. Muhula mwengine anaweza kwenda ofisi nyengine kabisa: leo ofisi ndogo ya watu watano inayochora nyumba za familia, kesho kampuni kubwa ya Toronto inayochora hospitali. Hao ni watu wanaomwangalia binti kwa macho manne, chuo na mwajiri. Ukisikia wengine wanavyosema utadhani anapelekwa kubeba zege.

Kuna jambo moja lilinifurahisha mimi kama mtu wa nguo. Skuli yao ya ubunifu wa majengo haiko kwenye chuo kikubwa penyewe, iko mji wa jirani, Cambridge ya Ontario, ukingoni mwa Mto Grand, tangu 2004. Na jengo lenyewe lilikuwa kiwanda cha hariri! Yaani palipofumwa hariri ndipo wanapochorea majumba. Nilimwambia yule binti, basi wewe huendi mbali, unakwenda kwetu.

Sasa nije kwenye hoja. Mimi sikusoma chuo kikuu. Nilimaliza skuli ya sekondari nikachukua mafunzo ya cherehani. Darasani tulikata karatasi. Mwalimu anachora mstari ubaoni, sisi tunachora, tunakata, mikono inazowea. Karatasi ukiiharibu unachukua nyengine, hakuna anayelia. Kisha tukapelekwa kwa mafundi. Siku ya kwanza kuwekewa mbele yangu kitambaa cha mtu, kitambaa cha pesa, na mwenyewe amekaa kwenye kiti ananiangalia, mkasi uliniwia mzito kama nanga. Pale ndipo nilipojua kwamba watu wengi bega moja limeshuka kuliko lengine. Mwalimu hakuwahi kusema, na karatasi haina bega. Nilijua pia namna ya kumwambia mama wa makamo kwa adabu kwamba alichokitaka hakitamkaa, na namna ya kudai pesa yangu iliyobaki bila kugombana. Nguo ninazowashonea leo zinatoka kwenye yale mafunzo ya kwa fundi. Zile za darasani peke yake msingezivaa.

Jengo nalo ni hivyo hivyo, tena zaidi. Mwanafunzi akichora darasani, mwenye nyumba hayupo, pesa hazimaliziki, mvua hainyeshi. Akikaa ofisini anaona ramani inarudishwa mara tatu kwa sababu ngazi imepungua upana, au mwenye nyumba kabadilisha mawazo, au saruji imepanda bei. Anaona barua zinavyoandikwa kwa mkandarasi. Anaona mkubwa wake anavyokataa kutia sahihi kitu kibovu. Hivyo havimo kitabuni, na jengo likianguka halimwangukii aliyelichora, linawaangukia waliomo. Sisi Unguja hatuhitaji kuhadithiwa. Tarehe 25 Disemba 2020 tuliiona Beit al-Ajaib ikiporomoka upande mmoja mchana kweupe, iko kwenye matengenezo, na watu wakafa. Sisemi ni kosa la nani, si kazi yangu. Nasema mji huu wa mawe na chokaa unahitaji watu wanaoujua ukuta kwa mkono.

Na sisi wanawake wa pwani ndio tunaoshangaza zaidi, maana mafunzo ya vitendo ni yetu tangu zamani. Sikilizeni maneno yenyewe: kufunda, fundi, mwanafunzi. Mwali hafundwi kwa karatasi. Somo yake anakaa naye ndani, anamwonesha, anamsahihisha, anamrudisha tena. Hakuna mama hapa atakayekubali binti yake aingie ndani na cheti cha kufundwa alichopewa ubaoni. Kwa nini basi tukubali akajenge nyumba za watu kwa namna hiyo?

Wanasema: lakini atachanganyika na wanaume. Hili ni la dini na silichezei. Khalwa ni khalwa, Ontario na Unguja. Binti asikae peke yake na mwanamme asiye maharimu wake ofisini usiku, asipande gari peke yake na mkubwa wake kwenda saiti ya mbali, na mwajiri asiyeheshimu mipaka hiyo aachwe. Haya mwambieni, tena mwambieni kabla hajapanda ndege. Lakini ofisi ya watu wengi mchana, meza zimepangwa pamoja, si khalwa. Kwenda saiti na timu nzima, kofia ngumu juu ya hijabu, viatu vya kazi na koti la kung'aa, si khalwa. Na darasani kwenyewe, huko mnakokusifu, mnadhani wamekaa na nani?

Tena ngoja niseme ambalo litanikosanisha na watu. Tuna harusi hapa ambazo mpiga picha ni mwanamme, anaingia ukumbi wa wanawake, anamzunguka bibi harusi aliyejipamba, mabega nje, anamwambia geuka hivi, cheka hivi. Msema chochote ni mwanamme. Mpiga muziki ni mwanamme. Shangazi wote wapo, wanatunza pesa, wanapiga vigelegele. Hapo hakuna anayeuliza mchanganyiko. Mchanganyiko unakumbukwa binti akivaa kofia ya saiti. Wallahi tumwogope Mungu.

Someni Suratul Qasas, kisa cha Nabii Musa alipofika Madyan. Alikuta nani pembeni ya kisima? Mabinti wawili wametoka na mifugo kwa sababu baba yao mzee. Walikuwa kazini, mahali wachungaji wanaume wamejaa, wakajitenga wakangoja zamu yao. Na mmoja wao alipomfuata Musa, Qur'an inatutajia haya yake katika mwendo. Kazi ilikuwepo, na haya ilikuwepo. Hakuna mahali baba yao analaumiwa kwa kuwatoa. Na mahari yenyewe ya Musa ilikuwa nini kama si kazi, miaka minane, na kumi kama angependa kutimiza. Bi Khadija radhiya Allahu anha sina haja ya kumtaja, kila mtu anamtaja akifungua duka la viatu.

Jengine wanalosema: atachelewa kuolewa. Dada zangu, pigeni hesabu. Kozi ya kukaa darasani tu mara nyingi ni miaka minne, hii inakaribia mitano. Tunagombana kwa mwaka mmoja, tena mwaka ambao binti anaupata na mshahara na majina ya ofisi alizofanyia kazi. Kweli, hili niliseme bila kuficha: likizo ndefu ni adimu. Mara nyingi muhula ukiisha unaanza mwengine, iwe wa kusoma au wa kazi. Harusi itabidi iingie kwenye zile wiki chache za Disemba, na fundi wake aambiwe mapema. Na baada ya shahada ya kwanza, kule Ontario anayetaka kuitwa mbunifu kamili anaendelea na shahada ya uzamili, kisha anaandikiwa saa za kazi, si chini ya 3,720, na mitihani juu. Ni njia ndefu. Anayeoa binti wa fani hii aijue njia hiyo kabla ya kutoa mahari, asije akasema alidanganywa.

Na pesa pia tusidanganyane. Ada ya mwanafunzi mgeni kule ni kubwa mno, mara kadhaa ya ile anayolipa mwenyeji, na mshahara wa mihula ya kazi hauilipi yote. Chuo kinatoza na ada ya kusimamia hizo kazi. Familia isiyo na mtu wa kusaidia isijitie kwenye madeni ya riba kwa sababu ya makala yangu. Lakini kwa hawa ninaowasema pesa zimepatikana. Wanataka kulipa ada ya pahala pengine kwa kitu pungufu, kwa sababu ya aibu ambayo haipo.

Halafu kuna hili la "asome Dar tu, hakuna mambo ya kazi". Nani kakwambia? Wanafunzi wa ubunifu wa majengo wa Chuo Kikuu Ardhi nao wanatoka kwenda mafunzo kwa vitendo. Na akishamaliza, hawezi kujiita mbunifu majengo aliyesajiliwa mpaka Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi iridhike kwamba amefanya kazi chini ya wenye uzoefu. Fani hii haina mlango wa kupitia bila kazi. Zaha Hadid, binti wa Baghdad aliyekuwa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker mwaka 2004, alikaa kwanza kwenye ofisi ya waliokuwa walimu wake London kabla hajafungua yake. Tofauti iliyopo ni moja tu: kule Waterloo na Cincinnati kazi imepangwa, ina mkataba na inalipwa. Kwetu mara nyingi haina hata kimoja.

Na hapa nawageukia wenye ofisi zetu, waume zenu na kaka zenu humo wamo. Binti anakuja "field" wiki nane. Nauli yake, chakula chake, bando lake. Anatumwa chai, anatumwa kutoa kopi, anafungiwa kwenye kompyuta kunakili ramani za zamani, na saiti haendi kwa sababu "wewe mwanamke utachoka". Wiki nane zikiisha anagongewa muhuri. Mtume wetu S.A.W. ametuusia tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na nyinyi jasho mnalikausha kwa kiyoyozi kisha hamtoi kitu. Mimi duka langu dogo, vyerehani vinne, msichana anayejifunza kwangu akishona pindo la mteja analipwa pindo hilo. Kidogo, lakini analipwa. Ofisi inayochora hoteli inashindwaje?

Mtaniuliza, fundi wa magauni yanakuhusu nini majengo? Yananihusu sana. Mimi ndiye ninayemvalisha bibi harusi kwenye kumbi hizi. Nashona gauni lina mkia wa mita mbili, na ngazi ya ukumbi hawapiti watu wawili sambamba. Mwali ananyanyuliwa kama gunia. Chumba cha bibi harusi hakina pazia wala dirisha, au kina dirisha linalotazama maegesho ya magari ya wanaume. Magharibi inaadhiniwa, wanawake mia tatu, na pa kutilia udhu ni sinki moja la kunawia mikono. Nimewaona mabibi harusi na hina zao wananyanyua mguu kwenye sinki huku somo kashika gauni. Aliyechora ukumbi ule hajawahi kuwa mwanamke ndani yake, na hakumuuliza hata mmoja.

Nyumba zenu mpya je? Mnaletewa ramani ya jiko lililoungana na sebule, kama kwenye televisheni. Akija mgeni mwanamme, mke anapika na buibui lake mpaka jasho linamtoka, au anajifungia chumbani na chai inachelewa. Wazee wetu hawakujenga hivyo. Palikuwa na baraza nje kwa wageni, na ua ndani kwa wenye nyumba. Lamu wana wikio, kile kidaraja cha juu kinachounganisha nyumba mbili za jamaa moja, wanawake wanapita bila kushuka njiani. Na huko Lamu familia yenye uwezo ilikuwa ikimpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Nyumba ilikuwa kitu cha mwanamke. Leo tunaogopa hata asiichore.

Angalieni Bangladesh. Mbunifu Marina Tabassum alichora msikiti wa Bait Ur Rouf mjini Dhaka, kwenye ardhi iliyotolewa na bibi yake. Msikiti wa matofali matupu, hauna kuba wala mnara, na mwanga unaingia kutoka juu wakati watu wanasali. Mwaka 2016 ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Bibi katoa ardhi, mjukuu kachora, na Waislamu wanasali ndani yake mpaka leo. Mbunifu wa msikiti kama ule hawezi kuwa mtu aliyefichwa mafundi wa matofali.

Sasa kwa mabibi harusi wanaonisoma na posa ziko mezani. Sharia imekupa haki ya kuweka masharti yako kwenye ndoa, na sharti lisilopingana na dini mume akilikubali anatakiwa kulitimiza. Usiseme tu "nitaendelea kusoma". Hilo kila mchumba analikubali, halafu baadaye anakwambia kusoma ni darasani. Taja kitu chenyewe: nitamaliza masomo ya ubunifu wa majengo pamoja na mihula yake yote ya kazi, na muda wa uzoefu unaotakiwa ili nisajiliwe. Msemee walii wako aliseme mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na liandikwe. Mchumba naye awe na haki ya kuuliza: utaishi kwa nani, utakwendaje kazini, utasali wapi. Ni maswali mazuri, mjibuni kwa adabu. Akishajibiwa na bado akataka nusu ya masomo ikatwe, bora ujue mapema.

Yule binti wangu mjomba wake kapewa mpaka mwisho wa mwezi kuthibitisha nafasi. Kitambaa cha gauni lake kimelazwa juu ya meza yangu. Nimemwambia sitakikata mpaka walii wake azungumze na ukweni.